Bima ya Afya: Tushindane Wapi, Tushikamane Wapi?

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza jinsi Chama chetu kilivyoanza, maghala yaliyojengwa na miche ya kahawa iliyogawiwa. Hayo yote ni kweli, na yanastahili vigelegele vilivyopigwa. Lakini katibu ni mtu wa daftari, na daftari lina kurasa mbili: upande wa mapato na upande wa matumizi. Twaomba ruhusa tusome kidogo upande wa pili, hasa mahali ambapo fedha ya mkulima hutoka bila yeye kupanga. Mahali hapo ni kitanda cha hospitali.

Sote katika mkoa huu wa Kagera twaijua butura. Mkulima hushikwa na shida, akaenda kwa mwenye fedha, akaiuza kahawa yake ingali maua mtini. Ifikapo siku ya kuvuna, mibuni ni yake, jasho ni lake, lakini gunia ni la mwingine. Serikali imeikataza butura, nasi katika mikutano yetu tumeilaani mara nyingi. Hata hivyo haijafa. Kila tulipomwuliza mwanachama kwa nini aliuza maua, mara chache tulisikia habari ya anasa. Mara nyingi tulisikia habari ya mke aliyepasuliwa wakati wa kujifungua, au mtoto aliyepungukiwa damu, au baba aliyevunjika mguu. Basi anayetaka kuifukuza butura kwa kelele peke yake anafukuza moshi na kuuacha moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ni huu: ugonjwa huja wakati wowote, na fedha ya kahawa huja kwa msimu.

Dawa ya jambo hili yajulikana, nayo ni bima. Wengi wachangie kidogo wakati wa afya ili wachache watibiwe wakati wa maradhi. Juu ya hilo hatuna ugomvi. Ugomvi wetu, kama ulivyosikika katika vyama vya msingi mwaka huu, ni juu ya nani ashike kazi hiyo. Vijana wetu wasema, “Ziacheni kampuni zishindane, bei itashuka na huduma itakuwa njema.” Wazee wetu wasema, “Afya ni kazi ya Serikali, na biashara isiingie mlangoni mwa mgonjwa.” Pande zote mbili zina watu wenye akili, na kila upande una ushahidi wake. Kwa hiyo twaona ni vema tuupime kila mmoja kwa mizani, kama tupimavyo kahawa, bila kutazama uso wa mwenye gunia.

Tuanze na wazee, maana ndio waliotangulia kuona. Wanakumbuka miaka ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilipojengwa vijijini na mtu akatibiwa bila kulipa katika hospitali ya Serikali. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku watu binafsi kuendesha matibabu kwa faida. Nia ilikuwa njema. Lakini hazina ya taifa ilipopungua katika miaka ya 1980, kilichobaki bure kilikuwa mlango wa zahanati, na rafu za dawa zikawa tupu. Mwaka 1991 matibabu binafsi yaliruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza kutoza ada. Tangu hapo mgonjwa wa kijijini amekuwa akienda hospitali na mkono mmoja tumboni na mwingine mfukoni.

Sasa tuwasikilize vijana. Nao wameuona ushindani kwa macho yao. Tangu msimu wa 1994/95, wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, vyama vya ushirika vililazimika kuamka usingizini. Chama kilichochelewesha malipo kilikimbiwa, na chama kilicholipa kwa wakati kilipata wanachama. Hatuwezi kukana kwamba hofu ya kukimbiwa ni mwalimu mkali, naye amewafundisha viongozi wengi ambao mahubiri hayakuwafundisha. Je, kwa nini mwalimu huyo asitumwe pia katika bima?

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye fundo, nasi twaomba mtuvumilie tulifungue polepole. Muuza chumvi hajali anayeinunua ni mzee au kijana, mzima au mgonjwa. Kilo moja ya chumvi humgharimu kiasi kilekile. Kwa sababu hiyo wauza chumvi wakishindana, njia yao ya kumshinda mwenzao ni kupunguza bei au kuleta chumvi safi zaidi, na mnunuzi hufaidika. Lakini muuza bima hayuko hivyo. Gharama yake hutegemea ni nani anayeinunua. Akimpata kijana mwenye afya, amepata faida. Akimpata mama mwenye kisukari, amepata hasara. Kwa hiyo ana njia mbili za kumshinda mwenzake: kuhudumia vizuri zaidi, au kuchagua wazima na kuwakwepa wagonjwa. Njia ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, na asiyezuiwa na sheria ataifuata, hata kama ni mtu mwema.

Na mnunuzi naye ana ujanja wake. Tuchukue mfano wa kaya 100, ambazo 5 kati yake zitaugua mwaka huu, kila moja kwa matibabu ya shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 2,000,000, na wote wakichanga, kila kaya yatoa shilingi 20,000. Sasa kaya 50 zisizo na ugonjwa zaseima, “Sisi tu wazima, tutajiunga tukiugua.” Wanabaki 50, na kila mmoja yampasa kutoa 40,000. Kwa bei hiyo wengine 25 walio wazima wanajitoa. Waliobaki ni 25, nao watalipa 80,000 kila mmoja. Wagonjwa ni walewale 5, dawa ni ileile, daktari ni yuleyule. Bei imepanda mara nne kwa sababu tu watu wameachiwa kuchagua siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye afya hamjui mgonjwa, mpaka siku ile anapokuwa yeye.

Haya hatukuyasoma vitabuni tu. Yametufika, na siku ya sherehe si siku ya kuficha kosa. Mwaka wa nne wa Chama chetu tulipatana na kampuni moja ya bima. Bei ya kwanza ilikuwa nafuu, na wakala wake alikuwa mtu wa maneno matamu. Tukatangaza kwamba anayetaka ajiunge, asiyetaka asijiunge. Wakajiunga hasa wale waliokuwa na sababu ya kujiunga. Mwaka wa pili bei ilipanda, na wazima wakatoka. Mwaka wa tatu ikaja barua kwamba bei itapanda tena, na kwamba waliopita miaka 60 hawatapokelewa. Mwanachama mmoja, mzee ambaye jina lake ni miongoni mwa majina ya kwanza katika rejesta ya chama chake cha msingi, alipata barua ya kufutwa. Barua ile iliandikwa ofisini mwetu, na sahihi iliyokuwa chini yake ni yetu. Msimu uliofuata aliugua, na kahawa yake ikauzwa ingali maua. Wakala hatumlaumu, alifuata hesabu zake. Twajilaumu sisi, tuliofungua mlango wa bima bila kujua kwamba bima ina mlango wa namna yake.

Wala msidhani ni sisi tu, watu wa shamba, tulioshindwa. Marekani ni nchi iliyoliamini soko la bima kuliko nchi nyingine tajiri. Huko kampuni hazikupenda kuwakatia wazee bima kwa bei wanayoimudu, ikabidi Serikali ianzishe mwaka 1965 mpango wa Medicare kwa wazee, na mpango wa Medicaid kwa maskini. Walakini mtu asiye mzee wala maskini kabisa aliendelea kukataliwa akiwa na maradhi. Ilihitajika sheria nyingine, iliyotiwa sahihi na Rais Barack Obama mwaka 2010, hata kampuni zikakatazwa, tangu mwaka 2014, kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Hata baada ya hayo, mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 25 katika nchi hiyo yenye mali hawakuwa na bima yoyote.

Hapo wazee wetu wanatabasamu. Twawaomba wangoje kidogo, maana mizani haijamaliza kazi. Serikali yetu nayo imejaribu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukapewa sheria yake. Kaya ilichanga, na Serikali ikaongeza kiasi kinacholingana na mchango, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, kaya ya watu 6 ikachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa watumishi wenye mishahara ulikuwapo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, ambao ulikata asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri.

Tazameni tofauti ya mifuko hiyo miwili. Ule wa mishahara haukumwuliza mtu kama anajisikia mzima, ulimkata kila mwezi, nao ukasimama. Ule wa vijijini ulikuwa wa hiari, na miaka mingi watu wengi wa vijijini walikaa nje yake. Ugonjwa uliotushika sisi na kampuni yetu uliishika hata mipango ya umma. Mfuko wa Taifa ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 uliisimamisha na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Kumbe basi jina la Serikali juu ya kadi halibadilishi hesabu. Hiari ni hiari, na mzima hungoja.

Tena kuna ubaya mwingine ambao wazee hawapendi kuutaja. Wangapi kati yetu wamekwenda kituoni na kadi halali mkononi, wakaambiwa, “Dawa hakuna, kanunueni dukani”? Mkulima akikosewa na mnunuzi wa kahawa huenda kwa mwingine. Akikosewa na mfuko ulio peke yake, ataenda wapi? Na Machi 2024 tuliona baadhi ya hospitali binafsi zikisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa sababu ya mabishano juu ya bei mpya. Wakubwa walipobishana, aliyesimama nje ya dirisha ni mgonjwa.

Basi soko likiachwa peke yake huchagua wazima, na Serikali ikiachwa peke yake husahau kujibu. Je, tumekwama? Hatujakwama, kwani wako waliopita njia hii kabla yetu. Ujerumani, mwaka 1883, katika utawala wa Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, wachangie wao na waajiri wao. Kuchangia kulikuwa lazima, lakini mifuko ilikuwa mingi, na tangu mwaka 1996 wanachama walio wengi wamekuwa na ruhusa ya kuhama mfuko mmoja kwenda mwingine. Uholanzi ilikwenda mbali zaidi mwaka 2006. Huko kampuni binafsi zinashindana, lakini kila mkaazi lazima awe na bima, kampuni haina ruhusa ya kumkataa mtu kwa huduma za msingi, na haiwezi kumtoza mgonjwa zaidi ya mzima kwa bima ileile. Tena upo mfuko wa kusawazisha: kampuni iliyopata wagonjwa wengi hulipwa zaidi, na iliyopata wazima wengi hulipwa kidogo. Kwa njia hiyo kumkwepa mgonjwa hakuna faida tena, na kampuni inabaki na njia moja tu ya kushinda, yaani kuhudumia vizuri.

Mtasema hizo ni nchi za matajiri. Haya, vukeni mto Kagera tu. Rwanda, nchi ya wakulima kama sisi, ilianza majaribio ya bima za jamii mwaka 1999 katika wilaya tatu, kisha ikazieneza nchi nzima na kuzifanya za lazima kwa sheria. Watu zaidi ya wanane katika kila kumi wameingia. Tangu mwaka 2011, kwa miaka mingi, wenye uwezo mkubwa walichangia zaidi, na maskini kabisa wakachangiwa. Na jambo linalotuhusu sisi hasa ni hili: majirani hao hawakutegemea sheria peke yake. Vikundi vya kuwekeza vijijini, viitwavyo ibimina, viliwasaidia watu kukusanya mchango kidogo kidogo, hata siku ya kulipa ikifika fedha iko tayari. Haba na haba hujaza kibaba.

Kutokana na yote hayo twaona kanuni moja, nayo twaomba mwende nayo nyumbani hata kama mtayasahau mengine. Katika kuingia, tushikamane. Katika kuhudumia, washindane. Nani aingie, lisiwe jambo la soko wala la hiari: waingie wote, mzee na kijana, kwa bei isiyomtazama mtu maradhi yake. Lakini nani atibu vizuri, nani awe na dawa rafuni, nani alipe hospitali kwa wakati, hapo ushindani ukaribishwe, na mkulima apewe haki ya kuhama.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2023, imeelekea upande huo. Inataka kila mkaazi awe na bima, inaweka kitita cha mafao ya msingi, inatambua skimu za umma na za binafsi, na inaanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao sehemu ya fedha zake hutoka katika ushuru wa vitu kama vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Msingi huo ni mzuri. Lakini sheria iliyoandikwa Dodoma haimfikii mkulima wa migombani kwa miguu yake yenyewe. Mwenye mshahara hukatwa na mwajiri. Mkulima hana mwajiri. Nani atamkusanyia mchango siku ile fedha ipo mkononi, kabla haijaingia katika arusi, mabati na deni la dukani?

Jibu, ndugu zetu, ni sisi. Chama cha msingi ndicho kinachojua kaya ziko wapi, nani amejaliwa na nani ni mjane mwenye mibuni ishirini. Mfuko wa Taifa wenyewe ulikwisha kuliona hilo ulipobuni mpango wa Ushirika Afya, wakulima wajiunge kupitia vyama vyao. Kwa hiyo azimio litakaloletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu lina sehemu nne. Kwanza, kila kaya ya mwanachama, bila kuchagua, ikatwe mchango wa bima katika malipo ya mnada wa kwanza, na ambaye kahawa yake haitoshi akatwe kwa minada miwili. Pili, Chama kisizishike fedha hizo hata usiku mmoja, bali ziende moja kwa moja kwa skimu iliyosajiliwa, na stakabadhi ibandikwe ubaoni katika kila ghala. Tatu, kaya zisizo na uwezo ziombewe kugharamiwa na mfuko uliowekwa na sheria, na majina yao yapendekezwe na mkutano wa chama cha msingi, si na katibu. Nne, kila ghala liwe na daftari la malalamiko ya matibabu, na kila mwaka Bodi ilisome mbele yenu kabla ya kuamua kama tubaki na skimu ileile au tuhamie nyingine.

Katika chama kimoja cha msingi kijana alituuliza: “Nikikatwa miaka kumi bila kuugua, nitakuwa nimepata nini?” Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu asiombe kura yake. Kabla hatujafungua kinywa, mama mmoja aliyekaa nyuma alimjibu: “Utakuwa umepata miaka kumi bila kuugua, nasi wengine tutakuwa tumepona.” Hatuna jibu lililo bora kuliko hilo.

Wanachama wenzetu, wako watakaosema tusubiri kwanza dawa zijae vituoni, ndipo tuchange. Twawaambia kwamba aliye nje ya mfuko hana sauti ndani yake. Wengine watasema makato yamezidi. Ni kweli makato ni mengi, na Bodi yapaswa kupunguza mengine ili hili lipate nafasi. Lakini kumbukeni kwamba wengi wetu tunakatwa tayari. Tunakatwa na butura, na mkataji huyo hatoi stakabadhi.

Yule mzee tuliyemwandikia barua ya kumfuta yu hai, naye amekaa hapa leo katika safu ya waanzilishi. Tulikwenda kwake kabla ya sherehe hii kumwomba radhi, akatupa ndizi na kahawa ya kutafuna, asitaje neno. Twaomba mkutano ujao utupe ruhusa ya kumwandikia barua ya pili, ya kumjulisha kwamba jina lake limerudi, na kwamba hakuna atakayeweza tena kulifuta kwa sababu ya umri wake.

Mungu awabariki, mvua zinyeshe kwa wakati, na kahawa yetu ibaki mtini mpaka iive.